Utafiti na Tiba ya Usemi Visitengane

Mgeni afikaye Matogoro, nje kidogo ya mji wa Songea, huonyeshwa milima kilikoanzia chanzo cha Mto Ruvuma, kisha huonyeshwa Chuo cha Ualimu. Chuo hicho ndicho kinachotuleta katika shauri letu la leo. Mara nyingi mwalimu wa darasa la kwanza ndiye mtu wa mwanzo kugundua kwamba mtoto ana kigugumizi, au hawezi kuunga maneno kama wenziwe. Akishagundua, ampeleke kwa nani?

Matabibu wa usemi na lugha ni wachache mno katika Afrika ya Mashariki. Shahada ya kwanza ya fani hii katika eneo letu ilianza Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2008. Hivi sasa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kinafundisha tiba ya usemi pamoja na ya usikivu, hatua ambayo twaipongeza kwa dhati.

Lakini wanafunzi hao watampima mtoto kwa kipimo gani? Vipimo vingi vya vitabuni vilitungwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza na Marekani. Neno letu moja, "hawakutuambia", limebeba sentensi nzima, na hakuna jedwali la London litakalomwonyesha tabibu ni umri gani mtoto wetu hupaswa kulitamka sawasawa. Tena mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni, ambaye nyumbani husema Kikae au Kipemba, akipimwa kwa Kiswahili cha vitabuni aweza kuitwa mgonjwa ilhali ni mzima. Mtoto wa Kingoni hali kadhalika.

Ndiyo maana twasema utafiti usingoje mwanafunzi ahitimu. Kilifi, nchini Kenya, walichunguza watoto waliopona malaria kali, kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa lugha ya wenyeji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kati ya watoto 152 waliougua malaria ya ubongo, 18 walikuwa na kasoro ya lugha. Kati ya 179 ambao hawakuugua malaria kali, walikuwa 4 tu. Daktari aliyemruhusu mtoto kurudi nyumbani kwa kuwa homa imeshuka asingeliyajua hayo.

Malaria haijatoweka Ruvuma. Mwanafunzi anayejifunza tiba wodini aandike kila alipimalo katika daftari la namna moja, kwa ridhaa ya wazazi na bila kutaja majina, na mwalimu wake alikague. Hilo halihitaji jengo jipya, wala fedha za kigeni. Apelekwe Songea na Pemba pia, asikae Dar es Salaam tu. Na akiwa Songea, afanye kazi bega kwa bega na walimu wanafunzi wa Matogoro.

Yupo atakayesema kwamba afya si jambo la Muungano. Ni kweli, lakini elimu ya juu ni ya Muungano. Basi twaziomba Wizara za Afya za Bara na Visiwani zikae na Muhimbili, ziteue vituo vya mazoezi, Songea ikiwa mojawapo, kabla kundi lijalo la wanafunzi halijaingia wodini.