Kugawa Maji ya Bwawa Wakati wa Ukame



Mvua zikikatika mapema, na mahindi bado yafika magotini, macho ya kijiji kizima huelekea bwawani. Kila mtu ataka maji leo, na kila mtu ana sababu yake. Basi nataka kuwaeleza namna ya kuyatoa maji hayo ili yalete chakula. Maana maji yaliyotolewa vibaya ni sawa na maji yasiyowekwa kabisa.

Katika milima ya Upare wazee walichimba tangu zamani mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Usiku maji ya kijito huingia bwawani; asubuhi mlango hufunguliwa, nayo hushuka kwa mfereji mpaka mashambani. Wazee walijua wafanyalo. Kijito chembamba kikiachwa kipite mferejini peke yake, udongo huyanywa maji kabla hayajafika shambani. Lakini yakikusanywa kwanza, kisha yakatolewa pamoja, hupita kwa nguvu na kufika mbali. Wakati wa ukame huenda ndiva ikahitaji siku mbili au tatu ili ijae, badala ya usiku mmoja. Ngojeni. Msifungue bwawa lililojaa nusu kwa sababu ya haraka.

Nchi za tambarare zina malambo, nayo hungojea mvua. Lambo likitumika leo halitajaa kesho, kwa hiyo kosa lake ni zito zaidi. Nami kosa hilo nimelifanya. Mwaka wa 2009, mvua zilipopungua sana kaskazini mwa Tanzania, nilikuwa mwalimu wa kilimo kijana katika kijiji chenye lambo. Watu walinijia kwa malalamiko; nami, kwa kuogopa lawama, nikashauri mlango ufunguliwe kila siku na kila shamba lipate kidogo. Wote waliridhika. Wiki tatu baadaye mahindi yalitoa mbelewele, na lambo lilikuwa tope. Mabua yalisimama, lakini magunzi yalikuwa na punje za kuhesabu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, haki hii ndiyo tutakayoipika?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile sigawi maji kabla ya kuyapima.

PIMENI KWANZA. Simamisheni nguzo yenye alama ndani ya bwawa, mkaisome kila jioni. Katika nchi kavu jua peke yake huchukua karibu nusu sentimita mpaka sentimita moja kwa siku. Ikiwa mlango umefungwa, hakuna achotaye, na maji yapungua kupita hapo, basi bwawa lavuja. Tafuteni mahali pavujapo mkapashindilie udongo wa mfinyanzi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme lambo lina urefu wa mita 50, upana wa mita 40, na wastani wa kina cha maji ni mita 1. Hayo ni maji ya mita za ujazo 2,000, yaani madebe 100,000 ya lita 20. Kwa siku 30 jua laweza kuchukua 600. Wekeni 400 kwa ajili ya kunywa, kupikia na mifugo. Hata Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yatanguliza maji ya nyumbani. Zimebaki 1,000. Mfereji wa udongo waweza kunywa nusu yake, basi zitakazofika shambani ni 500. Ekari moja ikinyweshwa vizuri mara moja, kwa kina cha sentimita 4, hutumia kama 160. Kwa hiyo maji yenu yote yatatosha ekari tatu mara moja, au ekari moja na nusu mara mbili. Mkiyatandaza juu ya ekari kumi na mbili, kila moja itapata sentimita moja tu, nalo jua litaikausha kwa siku mbili. Hivi ndivyo ilivyokuwa kijijini kwangu.

TOENI WAKATI WA HAJA. Mahindi machanga yaweza kunyauka mchana na kuinuka tena usiku. Lakini yatoapo mbelewele na ndevu, kiu ya siku chache huondoa punje, na maji yajayo baadaye hayazirudishi. Basi akiba yenu iwekwe kwa wiki zile. Mlango ufunguliwe alfajiri, jua lisije likachukua sehemu yake njiani, na mfereji ufyekwe na kusafishwa kabla ya siku ya zamu.

GAWENI SHAMBA, WALA SI MATONE. Utauliza, "Je, wenye ekari zile nyingine wafe njaa?" La, hasha. Huko Sri Lanka, ambako wakulima hulima chini ya mabwawa ya vijiji kama sisi, iko desturi iitwayo bethma. Maji yakiwa machache, hulimwa sehemu tu ya eneo, ile iliyo karibu na bwawa, nayo hugawanywa kwa muda baina ya wenye haki wote. Ukame ukiisha, kila mtu hurudi shambani kwake. Hivyo mfereji huwa mfupi, maji hayapotei sana, wala hakuna anayekosa kabisa.

Jambo hili hupatana vema kabla ya kupanda. Someni nguzo yenu mapema, fanyeni mkutano, na kuandika majina na mistari ya kila nyumba. Kama mazao yamekwisha simama, chagueni mashamba ya karibu yatakayonyweshwa, mkapatane mbele ya wazee kwamba mavuno yake yatagawanywa kwa wote. Mwenye shamba la juu akumbuke kwamba mwenye shamba la chini naye alichimba mfereji ule.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Basi kabla hamjaufungua mlango wa bwawa, mwulizeni mlinzi wake: nguzo yasemaje leo, na mbelewele zitatoka lini? Akiwa hana jibu, mlango na ungoje.