Jukwaa la Dini la Afrika ya Kati

Jukwaa la Dini la Afrika ya Kati ni umoja wa viongozi Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wanaotafuta amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Waanzilishi wake ni askofu mkuu Dieudonné Nzapalainga, mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou na imamu Omar Kobine Layama.

Mwaka 2013 waasi wa Séléka, wengi wao Waislamu, walipindua serikali. Wanamgambo wa Anti-balaka wakalipiza kisasi kwa raia Waislamu. Viongozi hao watatu walikataa kuviita vita vya dini, wakisema chanzo chake ni kugombea madaraka na mali. Walisafiri pamoja wakihimiza msamaha. Mauaji yalipozidi mjini Bangui, Layama na familia yake walihifadhiwa nyumbani kwa Nzapalainga kwa miezi kadhaa.