Binti Anapotaka Kusomea Udaktari wa Mifugo Ng'ambo

Katika vipindi vya akina mama tunavyoviendesha Kasulu na Kibondo, maswali mengi huwa ni yale ya siku zote: chanjo za watoto, lishe, afya ya mama mjamzito, ada za shule. Lakini miaka hii limeingia swali jingine. Binti yuko kidato cha tano au cha sita, anafanya vizuri katika sayansi, amekua akichunga mbuzi na kukamua ng'ombe wa nyumbani, na sasa anasema anataka kwenda Uingereza, Afrika Kusini au Uturuki kusomea udaktari wa mifugo. Mama anauliza: Nimkatishe tamaa, au tuuze shamba?

Jibu letu ni kwamba asifanye lolote kati ya hayo mawili. Njia ipo, na mabinti wa Afrika Mashariki wamekwisha kuipita. Lakini ni njia ndefu, ina mpangilio wake, na familia isiyoujua mpangilio huo yaweza kupoteza shamba, mifugo na miaka ya binti kwa pamoja. Ndiyo maana tumeona yafaa tuiandike hapa.

Je, hii ni kazi ya wanawake?

Kwetu, ng'ombe ni jambo la wanaume, na wazee wengine hushangaa kusikia msichana anataka kumtibu fahali. Sisi wauguzi tunaliona jambo hili kwa jicho jingine. Mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huletwa kwetu. Mama mwenye homa ya mwezi mzima, kumbe amekunywa maziwa mabichi yenye brusela, huja kwetu pia. Kimeta hutoka kwa mnyama kikamwingia mchinjaji na mlaji. Januari 2025, katika mkoa jirani wa Kagera, huko Biharamulo, ulithibitishwa ugonjwa wa Marburg, ambao virusi vyake huishi ndani ya popo walao matunda. Magonjwa haya hayaishi hospitalini pekee. Asipokuwapo mtu wa kuyazuia zizini na porini, sisi tulio wodini tutaendelea kupokea wagonjwa tu.

Basi binti anayetaka kazi hii anataka kuilinda afya ya watu, na hilo ni jambo linalomhusu kila mama.

Mtoto wa mjane wa Kampala

Anayedhani haiwezekani na amtazame Dokta Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda. Baba yake, William Kalema, alikuwa waziri kabla ya utawala wa Idi Amin. Mwaka 1972 alitoweka, naye Gladys akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Mama yake, Rhoda Kalema, aliachwa na watoto sita, Gladys akiwa kitinda mimba. Mama huyo hakukata tamaa. Aliwalea na kuwasomesha, na baadaye akawa mbunge.

Gladys alipenda wanyama tangu utoto. Alisoma Sekondari ya Kibuli, ambako aliifufua klabu ya wanyamapori ya shule, kisha akapata nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London, ambacho kilianzishwa mwaka 1791. Aliporudi, mwaka 1996, akiwa na miaka 25 au 26 hivi, akawa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika hifadhi za taifa za Uganda.

Mwaka huohuo gorila wa Bwindi waliugua upele. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, na wengine walipona kwa dawa. Dokta Gladys na wenzake waligundua kwamba ugonjwa ule uliwafikia kutoka kwa watu wa vijiji vya jirani, watu maskini waliokosa huduma ya afya. Hapo alielewa kwamba huwezi kumlinda mnyama huku jirani yake binadamu akiugua. Mwaka 2003 alianzisha shirika la kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Ameolewa, na ni mama wa watoto wawili. Wale wanaosema kwamba binti akisoma sana hataweza kuwa na nyumba yake, na walifikirie hilo.

Tazama kwanza vyuo vya karibu

Wengi hudhani kwamba chuo kizuri ni lazima kiwe kuvuka bahari. Sivyo. Hapa nchini tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, kilichopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Huko binti husomea tiba ya wanyama kwa miaka mitano. Kabla mafunzo hayo hayajaanzishwa Morogoro, vijana wa Tanzania walikwenda Kabete, Nairobi, na Kabete ipo hadi leo chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Makerere ya Kampala nayo hufundisha fani hii. Rwanda wanafundisha huko Nyagatare. Hata ng'ambo ya ziwa letu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, ila masomo ni kwa Kifaransa.

Kwa hiyo kusoma nchi za nje kwaweza kuwa Kampala au Nairobi. Mtanzania haihitaji viza kuingia huko. Anahitaji kibali cha mwanafunzi. Nauli ni ya basi, na mama aweza kwenda kumwona mtoto akiugua. Ukiuliza ada, uliza waziwazi: Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hulipa kama mwenyeji au kama mgeni? Jibu laweza kubadili hesabu yote.

Wasiopata alama za kutosha wasilie. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, ana kampasi kama Kikulula kule Karagwe na Mabuki mkoani Mwanza, zinazotoa astashahada na stashahada. Aliyemaliza stashahada akiwa na alama nzuri aweza kuomba shahada baadaye.

Nchi za mbali zinataka nini?

Kila nchi ina desturi yake, na kosa kubwa ni kudhani zote ni sawa.

Uingereza husomesha kwa miaka mitano au sita moja kwa moja baada ya sekondari. Maombi hupitia ofisi moja ya nchi nzima iitwayo UCAS, na ya udaktari wa mifugo hufungwa mapema kuliko ya masomo mengi, yaani tarehe 15 Oktoba, kwa masomo yatakayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Mwombaji haruhusiwi kuchagua zaidi ya vyuo vinne kwa fani hii. Kwa kuwa matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, binti anayesubiri matokeo kwanza atangoje zaidi ya mwaka mmoja. Asikae bure. Aombe SUA mwaka uleule, na akipata, aanze.

Marekani ni tofauti kabisa. Huko mtu husoma kwanza miaka kadhaa chuoni, mara nyingi hadi apate shahada ya kwanza, ndipo aombe shule ya mifugo ya miaka minne. Kwa aliyetoka kidato cha sita ni safari ya miaka minane hivi.

Afrika Kusini ina kitivo kimoja tu cha fani hii, Onderstepoort, cha Chuo Kikuu cha Pretoria, kilichoanza kufundisha mwaka 1920. Masomo ni miaka sita, na nafasi za wageni ni chache. Hungaria, huko Budapest, na Slovakia, huko Košice, hufundisha wageni kwa Kiingereza. Uturuki ina vyuo vingi vya mifugo na serikali yake hutoa ufadhili unaogharamia ada, malazi, tiketi ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Maombi hayo kwa kawaida hupokelewa Januari na Februari, na mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21.

Tupige hesabu

Ada ya mgeni Uingereza kwa fani hii hupita pauni 30,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni zaidi ya pauni 150,000, kabla ya chakula, pango na nauli. Pauni moja sasa hupita shilingi 3,000. Basi ni zaidi ya shilingi milioni 450. Hakuna shamba la maharage Kasulu, wala zizi Kibondo, liwezalo kulipa fedha hizo. Tena mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi huwaendea zaidi wanaosoma vyuo vya hapa nchini.

Kwa sababu hiyo twawaambia akina mama wazi: bila ufadhili kamili, usimpeleke mtoto mbali kwa shahada ya kwanza. Misaada mingi mikubwa, kama ile ya Jumuiya ya Madola inayotolewa na Uingereza, ni ya shahada ya pili na ya udaktari wa falsafa. Binti akimaliza SUA au Makerere vizuri, akafanya kazi kidogo, ndipo milango ya ng'ambo humfungukia, tena kwa fedha za wengine. Ndoto haijafa. Imesogezwa tu mpaka wakati wake.

Mama aanze na nini?

Kwanza, masomo. Kemia na baiolojia zisiachwe hata kidogo, na fizikia na hisabati zisidharauliwe. Mama asiyejua kemia aweza kumwondolea binti mzigo wa kuni na maji wakati wa mitihani.

Pili, majina. Jina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha Baraza la Mitihani na pasipoti liwe moja, herufi kwa herufi. Sisi tulio mpakani huulizwa maswali mengi ya uraia, hivyo vyeti vya wazazi navyo viwekwe tayari mapema.

Tatu, kazi na wanyama. Vyuo vingi vya ng'ambo hutaka uthibitisho kwamba mwombaji amekwisha kufanya kazi na wanyama. Hapa mabinti zetu wana utajiri wasioujua. Wakati wa likizo aende josho, aende machinjioni na mkaguzi wa nyama, afuatane na bwana mifugo wa kata wakati wa chanjo ya mbwa na kuku. Aandike katika daftari tarehe, kazi aliyofanya na aliyojifunza, kisha aombe barua yenye muhuri.

Nne, Kiingereza. Mitihani ya IELTS na TOEFL hutambuliwa kwa miaka miwili tu. Asiharakishe kuifanya kabla hajajua anaomba lini.

Tano, chuo kiulizwe chenyewe, kwa barua pepe, kama kinakubali cheti chetu cha kidato cha sita au kinataka mwaka wa matayarisho. Anayekwenda Uingereza ajue pia kwamba fedha za viza hutakiwa ziwe zimekaa benki siku 28, na kwamba atapimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa.

Barua yenye namba ya simu

Mama mmoja wa Kasulu alituletea barua ya kumkubali binti yake chuoni ng'ambo. Ilikuwa na nembo nzuri na sahihi ya wino wa bluu. Wakala aliyeileta alikuwa amekwisha kupokea fedha za mbuzi wawili kuwa gharama za fomu, na sasa alitaka milioni tatu zitumwe kwa namba ya simu ya mkononi kabla ya Ijumaa. Mumewe alikuwa amepata mnunuzi wa nusu ya shamba.

"Nesi," akasema, "wewe unajua Kiingereza. Nisomee, niambie kama ni kweli."

Barua ilisomeka vizuri. Lakini chuo gani hupokea ada kwa simu ya mtu? Tulimsaidia binti kuandika kwa chuo kwa anwani yake yenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku nne: jina hilo hatulijui. Mbuzi walikwisha kwenda. Shamba lilibaki, na binti akaomba chuo cha hapa nchini.

Shikeni haya. Ada hulipwa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Barua ihakikishwe na chuo kabla ya kuuza chochote. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Wakala asiyetaka mpite huko ana jambo analolificha. Na mtu anayewaharakisha hadi Ijumaa, mwacheni Ijumaa ipite.

Akirudi nyumbani

Shahada ya nje hupelekwa TCU ili itambuliwe, na daktari hawezi kutibu wanyama bila kusajiliwa na Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote, hata kabla ya ada, liwe hili: Cheti chenu kitatambuliwa Tanzania? Anayeliuliza baada ya miaka mitano amechelewa.

Akina mama wapendwa, msiwacheke mabinti hawa, wala msiwauzie shamba. Kaeni nao jioni, mchukue karatasi, mwandike safu mbili: vyuo vya karibu na vya mbali, miaka, ada, tarehe ya mwisho, nani atalipa. Pale palipobaki wazi, ndipo pa kuuliza. Na wakati majibu yanasubiriwa, josho la kijiji liko palepale, na ng'ombe wanaogeshwa kila wiki. Mwache aende.