Ufundi Uliomo Ndani ya Stripu ya Kupimia Sukari

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kisukari hakukosi kikopo cha stripu za kupimia sukari. Mgonjwa huchoma kidole, husoma namba kwenye mashine, kisha huitupa stripu. Wachache hujua kwamba kilichotupwa ni mtambo kamili.

Ndani ya stripu mna mfereji mwembamba sana. Nyingi za siku hizi hujaa kwa damu isiyofikia mikrolita 1. Hapana pampu: damu huvutwa na wembamba wa njia yenyewe, kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Lakini hewa nayo sharti ipate pa kutokea, ndiyo sababu mafundi huacha tundu dogo. Ndani ya mfereji huo zimechapwa elektrodi za kaboni, au hutandazwa madini kama dhahabu. Hapo pamepakwa kimeng'enya kikavu, ambacho huinyang'anya glukosi elektroni zake; hizo zikifika kwenye elektrodi, mashine hupima mkondo wa umeme. Sukari ikizidi, mkondo nao huzidi. Fikra ya elektrodi yenye kimeng'enya ilitolewa nchini Marekani na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Mwaka 1987 kipimo cha namna hii, chenye umbo la kalamu, kiliingia sokoni.

Hata hivyo, mtambo huu waweza kudanganya. Chembe nyekundu za damu huizuia kiasi glukosi isifike upesi kwenye elektrodi. Zikipungua, mkondo huongezeka, na namba huwa kubwa kuliko ukweli. Sasa mfikirie mtoto mwenye malaria kali, ugonjwa uwezao kumpunguzia damu na sukari kwa pamoja. Muuguzi huona namba ya kuridhisha, kumbe mtoto anazimia kwa kukosa sukari. Kwa hiyo baadhi ya stripu zimeongezewa elektrodi za kukadiria wingi wa chembe nyekundu, na mashine husahihisha hesabu. Kwa maoni yangu, anayenunulia zahanati vifaa, iwe ya kambini au ya kijijini, aulize habari za elektrodi hizo kabla ya kuuliza bei.

Nyumbani, kikopo kifungwe mara tu stripu itolewapo, kwa maana unyevu huharibu kimeng'enya. Joto kali huharibu vilevile: askari aendaye doria asikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na mikono ioshwe na kukaushwa kwanza, kwani maji ya embe yaliyobaki kidoleni nayo ni sukari, na stripu itayahesabu.