UJUZI WA JUMLA: NANI HUONGOZA SHUGHULI ZA SERIKALI BARAZANI?

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaojitayarisha kwa mitihani ya kazi wanakumbushwa kuwa madaftari ya zamani, hata yakiwa yameandikwa kwa uangalifu, yaweza kumponza msomaji.

Wadhifa wa Waziri Kiongozi wa Zanzibar ulianza mwaka 1983, na wa mwisho kuushika alikuwa Mheshimiwa Shamsi Vuai Nahodha. Baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilifanyiwa Marekebisho ya Kumi, na wadhifa huo ukaondoshwa. Badala yake kukawekwa Makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, kwa masharti yaliyomo katika Katiba. Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais, naye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi.

Kwa hivyo, atakayejibu suala hilo kwa kumtaja Waziri Kiongozi atakuwa ametaja cheo kisichokuwapo. Inafaa kila mtahiniwa aisome Katiba yenyewe pamoja na marekebisho yake.