Msichana wa Copenhagen na Siagi Iliyoadimika

Mzazi akiniuliza ampe mwanawe kitabu gani kuhusu mauaji ya Wayahudi bila kumtia jinamizi, namtajia *Number the Stars* cha Lois Lowry, cha mwaka 1989. Annemarie, msichana wa miaka 10 wa Copenhagen, anaiona vita kitoto: askari kwenye kona ya mtaa, siagi iliyoadimika, rafiki yake Myahudi, Ellen, akijifanya dada wa Annemarie aliyefariki. Mambo makubwa huyasikia nusunusu, nasi tunajaza yaliyobaki. Hapo ndipo penye nguvu.

Annemarie ni wa kubuni. Uokoaji wa Wayahudi wa Denmark unaosimuliwa kitabuni si wa kubuni. Oktoba 1943 Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa hadi Sweden, wengi kwa mashua za uvuvi. Hata kile kitambaa cha kitabuni chenye dawa ya kupumbaza pua za mbwa wa Wanazi kilikuwepo kweli.

Lakini kitabu *The Boy in the Striped Pyjamas* sikipendekezi. Mtoto mfungwa wa miaka 9 apige soga kila siku kwenye uzio wa kambi ya Auschwitz? Watoto wengi waliofikishwa pale waliuawa mara tu walipowasili. Makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalishauri mwaka 2020 kiepukwe na anayesoma au kufundisha historia hiyo. Mpe mwanao Lowry kwanza, kisha shajara ya Anne Frank.