Kabla ya Kwenda Luthuli, Sikiliza Chumba

Mtaa wa California, pembeni mwa Eastleigh, ndiko Calif Records ilikochipuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, prodyusa akiwa Clemo na sauti iliyovuma ikiwa ya Jua Cali, ambaye jina lake limebeba la mtaa wenyewe. Muziki wa genge ulitoka kwetu Eastlands, wala haukungoja ghorofa za vioo. Tangu hapo kijana wa Umoja, Kayole au Dandora mwenye kompyuta anajua kwamba kurekodi nyumbani kunawezekana. Asichoambiwa ni pesa zianzie wapi.

Akiba ikitosha, miguu hujipeleka kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Huko ataonyeshwa maikrofoni ya kondensa, ile ya kung'aa inayoning'inia kwenye kamba za raba, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video. Si kifaa kibaya, ila masikio yake hayachagui. Iwashe kwenye keja ya ghorofa ya tatu Umoja: itanasa sauti yako, honi ya nganya, kondakta akigonga bodi, mtoto wa jirani na mvua kwenye mabati. Ukijaribu kuufuta mtaa huo wote kwa programu, na mwimbaji naye atafutika kidogo.

Maikrofoni ya dainamiki ni nzito ya kusikia, na kwetu hiyo ndiyo sifa yake. Weka mdomo karibu, upana wa ngumi hivi, na kelele za mbali zitabaki mbali. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966, na ukiitaka kagua vizuri, kwani bandia zake ni nyingi. Anayeidharau kwamba ni ya mahubiri akumbuke kuwa Michael Jackson aliimba kwenye Thriller ya 1982 kwa SM7, ambayo nayo ni dainamiki.

Pesa zilizobaki zipeleke soko la Gikomba. Blanketi nzito za mitumba zikitundikwa nyuma na kando ya mwimbaji hupunguza mwangwi, na godoro la zamani likisimamishwa kwenye kona husaidia pia. Trei za mayai waachie wenye mayai. Sijui nani alitudanganya kwamba zinazuia sauti. Ila blanketi nayo haizuii sauti kuingia wala kutoka. Kinachovujisha zaidi ni mlango na dirisha, kwa hiyo ziba nyufa kwa mpira, kisha elewana na jirani kuhusu saa za kurekodi.

Besi ndiyo inayoumiza wengi. Chumba cha futi kumi kwa kumi huivimbisha sauti ya takriban hezi 56 kando ya kuta na kuimeza katikati, na kwa kuwa pande zinalingana tatizo huongezeka. Prodyusa akikaa katikati haisikii, basi anaongeza, na anaongeza tena. Spika kubwa za bei hazitatibu hilo, zitalikoleza. Sogeza kiti kutoka katikati, nunua hedifoni nzuri, na weka kando wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri ili ulinganishe.

Mengine hayahitaji hotuba. Kwa programu ya kurekodi, BandLab ni bure, na leseni ya Reaper kwa mtumiaji mdogo ni dola 60. Laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa kuwa stima ikipotea katikati ya ubeti, betri itakuokoa. Kibodi na taa za rangi zingoje wimbo wa kwanza uingize kitu.

Wimbo ukiisha, usiukubali papo hapo. Ulale nao, kisha asubuhi uubebe kwenye flashi hadi steji ya matatu, umwombe dereva auchomeke kabla gari halijajaa. Keti kiti cha nyuma, injini ikinguruma, usikilize kama maneno ya ubeti wa pili yanasikika. Yakimezwa na besi, rudi nyumbani uipunguze.